Usijifanye Umepaki

Jikoni kwangu, Maili Moja, juu ya ndoo ya maji ya kunywa, kuna msumari, na kwenye msumari huo unaning'inia ufunguo wa gari ambalo si langu. Umefungwa kwenye kipande cheusi cha mkanda wa gari, kimechakaa kingo kwa kushikwashikwa. Niliuchukua nyumbani kwa mtu aliyenifundisha kuendesha, mchana kweupe, yeye akiwa uani ananichumia machungwa ya kurudi nayo nyumbani. Nikisema mara moja jinsi ilivyokuwa, mtanielewa mimi haraka sana na yeye hamtamjua kabisa. Kwa hiyo nianze na yeye.

Sote tulimwita Mwalimu. Alifundishia kwenye kiwanja kilicho nyuma ya mabanda ya biashara, kwa gari dogo jeupe lenye kibao cha L mbele na nyuma. Gari lile lilikuwa na breki mbili, moja chini ya mguu wa mwanafunzi na nyingine upande wa kushoto, chini ya mguu wake yeye. Watu walidhani hiyo breki ya pili ndiyo iliyotuweka salama. Mimi nakumbuka mara chache sana alipoikanyaga, na kila alipoikanyaga aliomba radhi, kana kwamba amekukatiza maneno mbele za watu.

Wakati huo nilikuwa mpishi wa shule moja binafsi ya hapa Kibaha. Dereva wa kibasi cha watoto aliacha kazi, mwenye shule akasema kwa mzaha kwamba yeyote kati yetu akipata leseni atapewa usukani. Wenzangu walicheka wakarudi kwenye maharage. Mimi nilivua aproni nikaenda kiwanjani kwa Mwalimu, na hadi leo ndicho chakula changu, kupeleka watoto wa watu shule asubuhi na kuwarudisha jioni. Kwa hiyo mjue tangu hapa kwamba sikumwibia mtu baki.

Somo lake la kwanza halikuwa na gari kuwaka. Alikusimamisha mlangoni, akakuambia uzunguke, mkono wako ukigusa bodi njia nzima. Uangalie tairi, uiname uone kama kuna mafuta yanayodondoka, uangalie chini kama kuna kuku, mbuzi au mtoto. "Gari halina macho," alisema. "Macho yake ni wewe." Ukishaingia ndani ndipo unaanza: vuta kiti mguu ufike, panga vioo, funga mkanda, tikisa gia ujue iko fri, hakikisha hendibreki imepanda. Ufunguo unakuja mwisho. Aliyetangulia kuingiza ufunguo alishushwa akazunguke upya. Mimi, kwa kiherehere changu, nililizunguka gari lile kipindi kizima bila kuliwasha, nikarudi nyumbani nimenuna, nikamwambia jirani yangu kwamba leo nimefundishwa kutembea.

Alituita wote "dereva" tangu siku ya kwanza, hata wale waliokuwa wanatetemeka wasijue klachi ni ipi. Ukifanya uzembe alikushusha cheo. "Leo wewe abiria," alisema, na jina hilo liliuma kuliko tusi. Mtu mzima mmoja, afisa wa ofisi moja ya serikali, aliitwa abiria mara mbili kwenye somo moja akatokwa na machozi. Ila Mwalimu hakuwahi kupiga kelele. Aliongea kwa sauti ile ile mkipita kwenye tuta na mkiwa mnaelekea mtaroni. Klachi aliifundisha kwa kusema uiachie kama mama anavyomshusha mtoto aliyelala mgongoni, na wanaume wasiojua habari hizo aliwapa mto wa kiti wabebe, washushe taratibu mbele yetu.

Siku niliyozimikiwa na gari katikati ya barabara, pale daladala zinapokata kuingia stendi, nilifanya kitu ambacho naona wengi hukifanya. Nilikaa kimya, mikono kwenye usukani, nikatazama mbele kama mtu aliyesimama kwa hiari yake. Makondakta walikuwa wananiita majina yote.

"Umefanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Nimesimama kidogo, Mwalimu."

"Umesimama au limekuzimikia?"

"Limenizimikia."

"Basi washa hazadi. Ukiharibu barabarani, washa taa watu wajue umeharibu, wapite pembeni yako. Usijifanye umepaki."

Maneno hayo aliyasema kwa kila mwanafunzi, kwa kila kosa. Mtu akichelewa somo akaleta visingizio vya foleni, Mwalimu alimkatiza: umepaki au umeharibu? Wanafunzi wake wa zamani tukikutana, hata kwenye msiba, mmoja akiwa na jambo zito la kusema huanza kwa "nawasha hazadi," na wengine tunakaa sawa kusikiliza.

Sasa nieleze utani, maana bila huo sitaeleweka. Mwalimu ni Mzaramo wa Chole, kule Kisarawe ndani, na mimi ni Mnyamwezi niliyeletwa Pwani na ndoa. Aliponiuliza kwetu ni wapi nikasema Tabora, alipiga makofi. "Kumbe mpagazi wangu! Mlichelewa wapi? Mizigo yangu iko wapi?" Nikamjibu kwamba mizigo tuliileta zamani, Wazaramo wakaiweka chini wakaenda kucheza ngoma, wakaisahau. Tangu hapo somo langu likawa nusu kuendesha, nusu kutukanana kwa heshima. Na watani, kama mjuavyo, huchukuliana vitu. Siku moja nilikuja na malapa miguuni. Aliniambia niyavue niendeshe peku. Tulipomaliza sikuyaona, nikarudi nyumbani nimevaa viatu vyake vya ngozi vikubwa kama mitumbwi, na yeye akaenda zake peku anacheka. Kesho yake alinirudishia malapa yangu, akanieleza kwamba lapa huteleza likajikunja chini ya pedali ya breki na hapo huna gari tena. Mimi nami niliwahi kuondoka na kofia yake, na kikombe chake, na mara moja na kiti alichokalia.

Lakini utani una adabu yake. Ulichochukua unakitoa hadharani siku hiyo hiyo, au kesho yake, kwa kicheko, na mwenye mali haruhusiwi kununa. Kikikaa zaidi ya hapo, unatafuta jina lingine la kukiita.

Mtihani wake wa mwisho haukuwa ule wa trafiki. Alimpeleka mwanafunzi Magindu, kwa wafugaji, akanunua ndoo ya maziwa, akaiweka katikati ya miguu yake bila kifuniko, kisha akasema turudi. Ile barabara ya vumbi ina mabonde kama maji ya ziwa lenye upepo. Hakukuambia pita huku wala kwepa pale. Alitazama maziwa tu. Ukikata kona vibaya yalimwagika kwenye suruali yake, ukishika breki kwa hasira yalimwagika kwenye viatu, na alikaa hivyo hivyo, amelowa, ananuka maziwa hadi Maili Moja. Kisha mkewe, wakati huo bado yu hai, aliyachemsha yaliyobaki na wewe ukapewa kikombe chako. Mimi niliyamwaga mengi. Mkewe alipopokea ndoo alichungulia ndani akasema, "Huyu ametuletea harufu." Nilipewa kikombe nusu, nikarudia safari ile hadi nikapata kizima.

Nisimpambe sana, maana alikuwa na vituko vyake. Mtu yule aliyemshusha garini kila asiyefunga mkanda, mwenyewe hakuufunga. Alikaa mbele ya kiti, amejiinamisha, mkono karibu na hendibreki, akasema mkanda utamchelewesha kutuokoa. Tulimwambia, akacheka. Na ile kamba ya ufunguo wake alikuwa ameikata kutoka kwenye mkanda wa pikapu iliyopinduka barabara kuu ya Morogoro. Yeye mwenyewe ndiye aliyeukata kwa kisu ili kumtoa kijana aliyekuwa ndani, mzima, amening'inia kichwa chini. Kila mwanafunzi alishikishwa kamba ile asikie ugumu wake. Alijua habari ya mkanda kuliko sisi sote, na bado hakuufunga.

Tena hakupenda kupakiwa na mtu ambaye hakumfundisha yeye mwenyewe. Aliwahi kwenda msibani Mlandizi kwa miguu, mabasi yakimpita, akafika watu wametoka makaburini. Honi hakuipiga. Alisema anayepiga honi ameshakata tamaa na breki yake. Kuhusu mwili wake alikuwa mwongo wa waziwazi. Jino likimuuma alisema ameuma jiwe, goti likivimba alisema suruali imefura. Mkewe alipougua, Mwalimu aliendesha usiku na mchana kumpeleka hospitali, lakini mwenyewe sikumbuki kumsikia akisema anaumwa.

Mke alipofariki alifunga kiwanja akarudi Chole kwenye shamba lake la machungwa na mihogo, na gari akaenda nalo, breki zake mbili zikiwa palepale. Lilikuwa na ufunguo mmoja tu. Wa pili alishaupoteza mwanafunzi miaka mingi nyuma, na Mwalimu hakuchonga mwingine, alisema kitu cha pekee hutunzwa vizuri. Aliutundika kwenye msumari karibu na mlango wa sebuleni. Ukizima gari, mkono wako ushike ufunguo kabla mguu haujagusa chini, na ukiingia ndani uende msumarini kabla hujaketi. Ndivyo alivyotufundisha, ndivyo alivyoishi.

Binti yake ni karani hapa Kibaha, tunaonana sokoni. Ndiye aliyenijia mwaka huu akiwa ameshika tama. Alikuwa amepanda gari na baba yake wakienda Kisarawe mjini, Mwalimu akamgonga mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa. Mtu hakuumia, namshukuru Mungu. Gunia ndilo lililopasuka. Mwalimu alishuka akapiga magoti barabarani, akakusanya mkaa wote kwa mikono, kipande kwa kipande, hataki kusaidiwa, anarudia kuuliza, "Ulitoka wapi wewe? Ulitoka wapi?" Na yule kijana anamjibu, "Mzee, mimi nilikuwa hapa hapa."

"Alikuwa pembeni yetu, Dada," binti akaniambia. "Mimi nimemwona tangu mbali. Baba hakumwona kabisa."

Kisha alifungua kabati la baba yake akakuta dawa za matone, hazijafunguliwa. Kumbe alishakwenda kliniki peke yake. Aliambiwa ana presha ya macho, inakula pembeni inaacha katikati, na asiendeshe tena. Alirudi akanyamaza. Binti alipomkabili alijibiwa, "Macho yangu nayajua mimi," na mazungumzo yakaishia hapo. Gari likaendelea kwenda sokoni, kwenye njia ambayo watoto hupita wakitoka shule.

"Wewe anakusikiliza," binti akasema. "Nenda ukamwambie."

Hilo ndilo nililotumwa, kumwambia. Sikutumwa kuchukua kitu.

Nilienda. Alinipokea kwa kelele zake za mpagazi, tukanywa chai na mihogo. Kila nilipofungua mdomo kusema habari ya macho aliniwahi na mzaha, nami nikacheka, na kila nilipocheka ujasiri ulipungua. Niliona anavyogeuza kichwa kizima kutafuta kikombe kilichokuwa karibu na mkono wake. Niliona na sikusema. Alipokwenda uani kunichumia machungwa nilibaki sebuleni, na ufunguo ulikuwa msumarini mbele yangu. Mkono wangu uliunyanyua nikautia kwenye mkoba. Nikajiambia huu ni utani. Kesho nitampigia simu, nitacheka, nitamwambia njoo ukomboe ufunguo wako kwa kuku, na humo ndani ya kicheko nitapenyeza yale ya macho. Alirudi na machungwa amejaza kofia, akanimiminia mkobani mwenyewe, juu ya ufunguo wake.

Kesho ilifika sikupiga simu. Keshokutwa akapiga yeye.

Hakuniita mpagazi. "Mwanangu," alisema, "ufunguo wa gari siuoni. Ulipokuja uliuona?"

"Niliuona msumarini, Mwalimu," nikajibu. Lilikuwa jibu la kweli, na ndiyo maana linanikera hadi leo.

Jumamosi nilikwenda kumsaidia kutafuta. Naandika hili uso ukinichoma. Nilikuta nyumba nzima imepinduliwa. Magunia yamemwagwa, godoro liko nje, majivu ya jikoni yamechekechwa kwa chekeche la unga. Nilipiga magoti nikapapasa chini ya makochi. Nilitikisa viatu vyake kimoja kimoja. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu, begani mwangu, na nilipoinama ulikuwa unanigonga ubavuni. Ningeweza kuudondosha popote na kupiga kelele kwamba nimeuona. Sikuudondosha, kwa sababu angeendesha. Kumwambia nako sikumwambia, na kwa hilo sina sababu ya kutaja isipokuwa woga.

Jioni alikaa kwenye ngazi, mikono imejaa majivu. "Ningepoteza kitu kingine chochote nisingejali," alisema. "Ufunguo siuwezi kuupoteza mimi. Labda nimeanza kupotea mwenyewe."

Hapo ndipo nilipopaswa kuwasha hazadi. Nilimwambia apumzike, utaonekana.

Baada ya hapo habari zilinifikia kwa binti. Baba ameacha kwenda msikitini peke yake, anaomba jirani asimame karibu naye kwa sababu hana hakika na idadi ya rakaa. Baba anauliza kama ameshakula. Baba amekataa kupika, anaogopa kusahau moto. Hakuna hata kimoja alichosahau kweli, binti alisema, ila haamini tena. Siku moja kwenye simu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini angalau haendeshi, Dada. Si tumwache hivyo hivyo?" Binti alikuwa anajua ufunguo uko wapi, nilishamwambia. Nilimkasirikia, halafu nikakumbuka kwamba maneno yale yalikuwa yangu, yeye ameyasema tu.

Asubuhi nilikizunguka kibasi changu, mkono kwenye bodi, kama nilivyofundishwa. Nikaangalia chini, nikapanga vioo, nikafunga mkanda. Mkono ulipokwenda kwenye ufunguo, mwisho wa yote, nilishindwa kuuzungusha mpaka watoto walipoanza kuniita.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi hadi Kisarawe, kisha bodaboda hadi Chole.

Alikuwa barazani, amejifunga vitu mwilini. Simu shingoni kwa kamba, miwani kwa kamba, ufunguo wa nyumba kwa kamba kiunoni, tasbihi imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Subiri, usiniambie." Aligeuza uso wote akanitazama sawasawa. "Dereva wa shule. Mnyamwezi." Kisha akatabasamu kwa faraja, kama mwanafunzi aliyefaulu. Kwa miaka yote niliyomjua, yeye ndiye aliyetupima sisi.

Sikukaa kwenye kiti alichonionyesha.

"Mwalimu," nikasema, "nawasha hazadi."

Tabasamu lilikwenda. "Umeharibu nini?"

Nilifungua mkoba nikamwekea kiganjani. Hakuangalia. Vidole vilipita kwenye kile kipande cha mkanda, kwenye kingo, kwenye fundo, vikarudi tena mwanzo.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Niliuchukua siku ile ulipokwenda kunichumia machungwa."

"Na siku tuliyotafuta?"

"Ulikuwa kwenye mkoba wangu."

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu, nami nikawatazama wao.

"Ni utani?" akauliza.

Alikuwa ananifungulia njia. Najua alikuwa ananifungulia, maana aliuliza kwa upole, na sauti ilipanda mwishoni kama zamani. Ningesema ndiyo, mtani, angelazimika kucheka. Angecheka, ningecheka, ningerudi Maili Moja mwepesi.

"Hapana, Mwalimu. Si utani. Huoni pembeni, utaua mtoto wa mtu. Nilitumwa nije nikuambie, nikaogopa, nikaiba."

Sikupata ghadhabu niliyojiandalia. Alianza kuvua kamba. Alitoa simu shingoni akaiweka kwenye mkeka, akatoa miwani, akafungua ufunguo wa kiunoni, taratibu, fundo moja baada ya jingine.

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau."

"Niliutundika."

"Uliutundika mwenyewe, Mwalimu. Msumarini."

Alifuta macho kwa kiganja, akayafuta tena. Ndipo hasira ikaja, kwa sauti ile ile ya kiwanjani.

"Ungeniambia nimepofuka ningekufukuza hapa. Ningekutukana kweli, si kwa utani, na yangekwisha. Wewe ukaniacha nijione nimerukwa na akili. Nimesimama msikitini kama mtoto, nashikwa bega niambiwe sasa rukuu. Mimi."

Nilisema naomba radhi. Lilikuwa neno dogo na nililisikia udogo wake.

Aliinuka akaelekea kwenye banda alipoweka gari. Alilizunguka, mkono kwenye bodi, akapiga tairi kwa mguu, akainama akachungulia chini. Alifika kwenye mlango wa kulia akashika kitasa. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akaendelea kuzunguka hadi mlango wa kushoto, akafungua, akaingia, akanyoosha mkono dirishani na ufunguo ukining'inia.

"Betri itakuwa imelala. Jaribu."

Nilivuta kiti, nikapanga vioo, nikafunga mkanda, nikatikisa gia. Alikuwa anasikiliza kila mlio. Nilipofika kwenye ufunguo nikasita.

"Mkanda, Mwalimu," nikasema.

Nilidhani atakataa. Alipapasa begani, akauvuta, akaufunga. Gari likakohoa, likakataa, mara ya pili likawaka.

Tulikwenda hadi inapokutana njia ya shamba na barabara kubwa. Miguu yake aliikunja nyuma chini ya kiti, mbali na ile breki yake. Njiani, mahali njia inapokuwa nyembamba, nilipunguza mwendo.

"Umepunguza nini?"

"Kuna mama amebeba kuni. Upande wako, kushoto."

Aligeuza kichwa chote hadi akampata. Yule mama alimpungia mkono, akamwita babu.

"Alikuwa hapo muda wote?"

"Muda wote, Mwalimu."

Tuligeuza tukarudi bandani. Nilizima gari, nikachomoa ufunguo kabla mguu haujagusa chini, nikamnyooshea. Aliukunja mkono wangu juu yake.

"Kaa nao wewe," akasema. "Ila nikikuuliza uko wapi, uniambie."

Matone anaweka sasa, binti ndiye anayemsimamia, na msikitini amerudi kusimama mwenyewe. Mimi siku hizi huenda Chole mara moja moja nikaliwasha gari, tukaenda nalo hadi barabara kubwa na kurudi. Ananipa machungwa. Ananipa nasaha za klachi. Lakini mpagazi hajaniita tena, na kofia yake ninaiona imekaa pale karibu yangu, wala sithubutu kuigusa.

Na kila Ijumaa, baada ya swala, simu yangu inaita.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kwangu, Mwalimu. Jikoni, kwenye msumari, juu ya ndoo ya maji."

"Haya," anasema, na kukata simu.